Teke Ambalo Halikupigwa

Nimesifiwa mbele ya watu mara moja tu katika maisha yangu yote ya uanafunzi, na sifa hizo nilizipata kwa barua ya mtu mwingine, barua niliyotakiwa kuipeleka posta nami sikuipeleka.

Ilikuwa Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na shahada moja, koti moja lisiloijua baridi, na maoni juu ya kila jambo. Nilikuja kusoma historia. Watanzania tulikuwa wachache na tulijuana wote: wanafunzi, wauguzi wa mafunzo, mafundi waliotumwa na mashirika yao. Tukikutana Jumapili tulijadili ukombozi wa Afrika mpaka chai ikapoa, na aliyezungumza kuliko wote nilikuwa mimi. Wenzangu walikuwa na kazi za kuamkia.

Kazi yangu ya kwanza ya mikono nilitafutiwa na dada mmoja wa Tanga aliyekuwa akisomea uuguzi. Alikuwa amechoka kunisikia nikiwasemea wafanyakazi wa dunia nzima.

"Kaka," aliniambia, "hao wafanyakazi unaowatetea, umewahi kuwa mmoja wao hata Jumamosi moja?"

"Mimi mchango wangu ni wa fikra."

"Fikra hazipigi deki. Nenda Bredäng, kile kitongoji cha pembeni ya mji, wanatafuta watu wa kuwasaidia wazee majumbani."

Nikaenda. Maghorofa ya Bredäng wakati ule yalikuwa bado mapya, na yalifanana kiasi kwamba Jumamosi ya kwanza nilipiga deki jikoni mwa mzee asiyekuwa wangu. Naye hakunizuia. Alinyanyua miguu tu nipite.

Mzee wangu halisi alikaa ghorofa ya tano, peke yake. Alikuwa Mswidi aliyekwenda Marekani akiwa na miaka kumi na tisa, akaishi huko, kisha akarudi kwao kazi zilipopotea kila mahali. Mikono yake ilitetemeka na macho yalikuwa yamefifia. Ukimpa gazeti aliona picha, maandishi hakuyaona. Kiswidi changu kilikuwa cha kununulia mkate, kwa hiyo tulizungumza Kiingereza. Chake kilikuwa cha kambini, kifupi na chenye matusi. Changu kilikuwa cha shule ya misheni. Nilimwita "mzee", nikamweleza maana yake, akalipenda neno lile. Yeye aliniita "profesa", na kwa muda mrefu nilidhani ni heshima.

Siku ya kwanza alinipa sharti moja. "Ukinivalisha koti, simama mbele yangu. Usije nyuma, na usiniguse mgongo."

Nikadhani ni ugonjwa. Jumamosi ya tatu, nikiwa napiga pasi, ndipo aliponiambia kwamba katika miaka ya ishirini alikuwa dereva wa kifaru katika jeshi la Marekani.

Lazima nieleze kwamba siku zile hapakuwa na jeshi tulilolipinga kama hilo. Kulikuwa na maandamano juu ya Vietnam, nami nilishiriki kwa bidii, hasa yale yaliyopita karibu na kituo cha treni. Kuambiwa ghafla kwamba suruali ninayoinyosha ni ya askari wa jeshi hilohilo kulinitia katika shida. Nilisimama na pasi mkononi nikitafuta msimamo.

"Ulipigana wapi?" nikamuuliza kwa ukali.

"Sikupigana popote. Vita vya kwanza vilikwisha kabla sijafika, vya pili vilianza nimeshaondoka. Sisi tulipigana na matope."

Ndivyo nilivyoanza kuzisikia habari za vifaru vile. Vilikuwa vidogo, vya watu wawili tu, vilivyotengenezwa Marekani kwa kuiga vya Wafaransa, navyo vikafika baada ya vita kumalizika. Serikali haikutaka kuvitupa wala haikutaka kuvitunza. Wakapewa vijana kama yeye wavizungushe uwanjani mwaka hadi mwaka, wakivifunga waya palipokatika na kuvipaka rangi kila alipotarajiwa mgeni. Kasi ya vifaru hivyo ilikuwa ya mtu anayewahi basi huku hataki kuonekana anakimbia. Dereva alikaa mbele, chini kabisa, magoti yakikaribia kidevu, akichungulia nje kwa nyufa nyembamba za chuma. Nyuma yake, juu kidogo, kamanda alining'inia kwenye mkanda wa turubai, kichwa na mabega ndani ya kibanda cha chuma kinachozunguka pamoja na bunduki. Injini ilikuwa nyuma yao wote wawili. Ndani palikuwa na joto la tanuri, harufu ya petroli, na kelele ambazo ndani yake mtu hakuisikia hata sauti yake mwenyewe. Redio hapakuwa.

"Sasa mliongeaje?"

"Kwa miguu," akasema. "Yake."

Teke katikati ya mgongo, maana yake nenda. Teke kwenye bega la kulia, pinda kulia. Kwenye la kushoto, kushoto. Kiatu kikikandamiza kichwa, simama. Dereva hakujibu, kwa kuwa hakuwa na namna ya kujibu. Alifanya alichopigwa. Baada ya miaka mitatu, alisema, mgongo wake uliacha kukiomba kichwa ruhusa. Hata pale Bredäng, miaka arobaini na zaidi baadaye, mtu akimgusa kwa nyuma kwenye foleni ya dukani, mguu wake wa kushoto ulitafuta klachi sakafuni.

"Na watu weusi? Walikuwamo?" Hilo ndilo swali nililokuwa nimelishika mkononi muda wote.

"Ndani ya vifaru vyetu? Hapana. Niliowaona waliwekwa mazizini, watunze farasi wa maofisa." Akanielekezea uso. "Una haki ya kukasirika, profesa. Lakini umeisahau pasi juu ya suruali yangu, na naisikia harufu."

Suruali ilikuwa imeungua gotini. Aliivaa hivyohivyo muda wote niliomjua.

Kwenye semina yetu muhula ule mwalimu alitaka kila mtu aandike juu ya majeshi wakati wa amani, kwa kumtumia mtu aliyekuwapo au karatasi ambazo hazijawahi kuchapishwa popote. Nilikuwa nimepanga kumthibitishia kwamba nadharia peke yake inatosha. Sasa nikawa na kifaru. Kila Jumamosi nilifagia mbiombio, nikaosha vyombo nusu, nikakaa na daftari. Mzee alifurahi kupata msikilizaji. Mimi nilijiona mwerevu sana, mtu anayeuchimba ubeberu kutoka kwa dereva wake mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilikuwa tayari kumtumia mtu ambaye nisingekubali kuonekana naye barabarani.

Katika droo ya meza yake kulikuwa na kadi za Krismasi, rundo zima, zote za mtu mmoja: kamanda wake wa zamani, yule mwenye mateke. Walikuwa wakiandikiana kila mwaka. Kadi ya mwisho ilikuwa imefika wiki chache nyuma naye hakuweza kuisoma, akanipa nimsomee. Kamanda alieleza kwamba amepasuliwa tumboni, kwamba madaktari wanazungumza na mkewe kuliko wanavyozungumza naye, na kwamba theluji ya mwaka huu ni nyingi. Mwisho aliandika: "Na unisamehe kwa lile teke."

Nikachukua kadi ya mwaka uliotangulia, bila kuombwa. Mwisho wake ulikuwa uleule. Ya kabla yake, vivyo hivyo.

"Teke gani, mzee?"

"Fagia," akasema.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amekaa mezani na koti lake, kana kwamba anasubiri kuitwa mahali. Akanisimulia bila kusimama njiani.

Walikuwa uwanjani, wakiwaonyesha wageni jinsi kifaru kinavyovuka mtaro. Kabla ya mtaro walisimama. Mnyororo mmoja wa kifaru ulikuwa ukilia vibaya, fundi wao akaja mbele, akapiga magoti autazame. Kamanda alikuwa ametoa kichwa nje akizungumza na ofisa. Injini ilikuwa inaunguruma. Yeye dereva alikuwa ameamka na kichwa kizito cha pombe ya usiku, na moshi wa ndani ukamalizia kazi. Akasinzia. Hakulala, alisema, ila kwa muda wa kufumba na kufumbua macho hakuwapo. Mguu ukateleza kwenye klachi. Kifaru kikaruka mbele hatua mbili, na fundi akapoteza mguu.

Mbele ya baraza la uchunguzi walimuuliza kwa nini aliondoka. Akasema, "Nilipigwa teke mgongoni."

"Na hukupigwa," nikasema.

"Sikupigwa."

Kamanda naye aliulizwa. Mtu mwingine angekataa katakata. Lakini yule alikuwa mkweli, na mtu mkweli aliyekuwa ananing'inia kwenye mkanda huku kichwa kiko nje hajui kwa hakika miguu yake ilifanya nini. Akasema, "Sikumbuki. Huenda nilijiweka sawa, mguu ukamgusa." Hilo likawatosha. Wakamvua tepe zake za cheo, wakamtoa kwenye vifaru, wakampeleka stoo kuhesabu mablanketi. Dereva aliendelea kuendesha. Kamanda mpya alikuwa na miguu mizito zaidi.

"Ameniomba msamaha maisha yake yote," mzee akasema. "Kwa kunitia mimi katika balaa ile. Mimi! Nataka ajue kabla hajafa kwamba miguu yake haikufanya kitu. Mikono yangu haiandiki. Wewe una Kiingereza kizuri, na una kalamu mfukoni kila siku kama daktari. Andika."

Hapo ni lazima niseme jambo kuhusu mimi na barua. Mtaani kwetu, nilipokuwa shuleni, mimi ndiye niliyewasomea akina mama barua za watoto wao waliokwenda mbali kufanya kazi, na mimi ndiye niliyewaandikia majibu. Nilikuwa hodari. Mtoto akisahau kumsalimu bibi yake, nilimwongezea salamu. Akiandika kwamba hali ni mbaya, nilisoma kwamba hali ni ya kawaida, anamshukuru Mungu. Mama mmoja alitembea tangu upande wa pili wa mji kuja kwangu, akiwapita wasomaji wengine wawili, kwa sababu barua zikisomwa na mimi zilikuwa na mapenzi zaidi. Hakuna aliyenikemea. Walijua, nadhani, na walikubali. Ndiyo ilikuwa adabu ya kazi ile. Hivyo nilikua nikiamini kwamba barua ni unga tu, na mpishi ni msomaji.

Nikaiandika barua ya mzee. Aliitamka kwa sentensi fupi, nami kwa mara ya kwanza sikuongeza chochote. Haikuhitaji. "Hukunipiga teke. Nilisinzia. Nilisema uongo, wakakuvua tepe. Miguu yako haina kosa." Ilikuwa hivyo, ukurasa mmoja. Juu kulia niliweka mahali na tarehe, kama tulivyofundishwa. Chini alitia sahihi yake, ambayo kwa ule mtetemo ilionekana kama njia ya mdudu aliyetumbukia kwenye wino. Akaniandikishia anwani, akanipa bahasha.

"Iende leo," akasema.

"Leo hii, mzee."

Kituo cha treni cha Bredäng kilikuwa na sanduku la posta, la njano, ukutani. Nililipita. Bahasha nilikuwa nimeiweka wazi ndani ya jalada langu, kwa sababu semina ilikuwa baada ya wiki mbili, na mwalimu alitaka karatasi ambazo hazijachapishwa, nami nilikuwa nayo mkononi karatasi ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Ningeweza kuinakili kwa dakika kumi na tano. Chuoni kulikuwa hata na mashine ya kunakili. Lakini nakala ni nakala. Nilitaka kuiweka karatasi yenyewe mezani, na sahihi ile, watu waione.

Dada wa Tanga nilimsimulia yote Jumapili. Nilimsimulia vizuri, na mikono.

"Maskini," akasema. "Na umeshaituma?"

"Nitaituma baada ya semina."

"Baada ya semina? Mtu amepasuliwa tumbo, wewe unasubiri semina?"

"Ni wiki mbili tu, dada. Wamengoja miaka arobaini."

"Ndiyo maana!" akasema, akaenda kuangalia sufuria yake jikoni. Kutoka huko aliongeza, kwa sauti ya kuwasikilizisha na wengine: "Bwana msomi anatunza barua za watu. Akitunza na jeneza lao atapewa udaktari."

Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa sauti kubwa, kuonyesha kwamba ninaweza kutaniwa.

Semina ilikwenda vizuri kupita nilivyotumaini. Nilieleza vifaru, joto, matope, mateke. Niliposema dereva aliamrishwa kwa kiatu, nilitua, nikasema kwamba hapa tunaiona jamii nzima kwa ufupi: mmoja juu, mmoja chini, na lugha yao ni teke. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo mbele ya kioo. Kisha nikaiweka barua mezani. Ikazunguka mkono kwa mkono. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa sifa, alisema mbele ya wote kwamba hivi ndivyo historia inavyopaswa kutafutwa. Aliniuliza mzee aliikubalije barua kama hii itoke mikononi mwake. Nikasema tunaaminiana sana.

Baada ya hapo ningeitia kwenye bahasha na kuituma. Sikuituma. Tarehe ilikuwa pale juu kulia, kwa mwandiko wangu mzuri, na sasa ilikuwa ya zamani. Kamanda angeiona, angejiuliza, angemwuliza mzee. Nikaona nimwombe mzee tuiandike upya kwa tarehe mpya, lakini hapo ningehitaji sababu. Wiki ikapita nikitafuta sababu. Kila wiki iliyopita iliizidishia tarehe ile uzito, mpaka jalada lenyewe sikutaka kulifungua. Jumamosi nilifagia mpaka chini ya kabati, mahali nilipokuwa sijawahi kufika.

"Hajajibu," mzee alisema kila mara.

"Posta ya mbali, mzee."

"Ndiyo. Au amekasirika. Ana haki."

Theluji ilikuwa inayeyuka ilipofika barua kutoka Marekani. Alinipa kabla sijavua koti. Bahasha ilikuwa ya taipu, na nyuma kulikuwa na jina la mwanamke. Nilisimama dirishani nikaipitisha macho haraka kabla ya kuanza, kama nilivyozoea, kujua mbele kuna nini.

Aliandika binti wa kamanda. Baba yake alikuwa amefariki wiki mbili kabla. Alimkuta mzee wetu kwenye orodha ya watu wa kadi, akaona amjulishe. Akaeleza kwamba ile ajali ya uwanjani haikumtoka baba yake mpaka mwisho. Siku za mwisho, akili ikiwa inakuja na kuondoka, aliwaomba wamfunge miguu vizuri kwa shuka, isije ikampiga mtu.

Nilipiga hesabu pale dirishani. Barua yangu ilikuwa jaladani wiki ya saba. Barua ya ndege ilichukua wiki moja.

Nikasoma. Nilisoma kwamba amefariki, hilo sikuweza kulipika. Ya shuka niliiruka. Na mahali pake, bila kujikwaa, kwa sauti ileile niliyowasomea akina mama mtaani kwetu, nikasema: "Baba aliipata barua yako, akaisoma mara mbili, akacheka, akasema amekusamehe. Alituagiza tukusalimu sana."

Nilijisikia vizuri. Naona aibu kuliandika hilo kuliko mengine yote, lakini nilijisikia vizuri. Nilijiona mtu mwema.

"Rudia hapo," akasema.

"Wapi, mzee?"

"Pa barua yangu."

Nikatazama karatasi, ambayo haikuwa na msaada wowote. "Baba aliipata barua yako, akafarijika sana, akasema..."

"Mara ya kwanza alicheka."

"Alicheka, kisha akafarijika."

Akanielekezea yale macho yasiyosoma. "Mbele ya baraza mimi waliniuliza mara mbili," akasema taratibu. "Mara ya kwanza nilisema nilipigwa teke. Mara ya pili nikasema nilipigwa teke kali. Kulikuwa na luteni anaandika. Alinyanyua kichwa, akanitazama kama ninavyokutazama wewe sasa. Alijua. Lakini saa ya chakula ilikuwa imekaribia." Akanyoosha mkono, akaigusa karatasi, akaniachia. "Mimi sina haraka na chakula. Soma kilichoandikwa."

Nikasoma kilichoandikwa. Pa shuka nilisoma pia. Hakulia, wala hakunitukana, na matusi alikuwa nayo mengi. Alibana midomo, na viatu vyake vikasogea chini ya meza.

"Barua yangu iko wapi?"

"Chumbani kwangu. Kwenye jalada."

"Inafanya nini huko?"

Hadi leo sijui nani aliyejibu kwa mdomo wangu. "Nilipata alama nzuri sana," nikasema.

Jumamosi iliyofuata niliileta. Akaamua iende kwa binti, kwa kuwa tepe zile zilivuliwa baba yake, na mtu akifa haki yake inabaki nyumbani. Alinitaka niandike maneno machache chini ya sahihi yake. Aliyatamka: kwamba barua hii ilikuwa ya baba yako, kwamba isomwe na watu wote wa nyumba, kwamba imechelewa. Hapo akatua.

"Kwa sababu gani imechelewa, unajua wewe," akasema. "Andika mwenyewe. Mimi sioni, siwezi kukusahihisha."

Nilishika kalamu. Nilikuwa na nafasi ya sentensi moja tu, na sentensi yenyewe nilikuwa nayo: niliishikilia mimi, mwanafunzi anayemfagilia mzee huyu, kwa ajili ya masomo yangu. Kiingereza changu kilikuwa kizuri. Nikaandika: "kwa sababu ya matatizo ya posta hapa Sweden." Nikakunja, nikabandika stempu, na safari hii niliitia kwenye sanduku la njano la kituoni, nikaisikia ikianguka chini. Nikapanda treni nimetulia kama mtu aliyelipa deni.

Jibu lilikuja kabla ya wiki tatu kwisha. Mzee aliniambia nikae, nami nikasoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Binti aliwasomea watu wa nyumba yote kama alivyoombwa. Yeye mwenyewe alishukuru. Mama yake hakushukuru. Mama alisema ameishi miaka arobaini na mwanamume aliyelala upande mmoja wa kitanda, miguu ameikunja, na hataki tena kadi kutoka Stockholm. Halafu nikaiona inakuja, sentensi ya mwisho. Ningeweza kuiruka, nilikuwa bingwa wa kuruka. Nikaisoma: "Na kuhusu kuchelewa usijilaumu, mzee wangu. Posta ya hapa kwetu nayo ni hivyohivyo."

"Posta," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee."

Watoto walikuwa wakipiga mpira uwanjani chini. Nilisubiri anitukane, nilitamani anitukane, nilikuwa nimeyaandaa majibu ya unyenyekevu.

"Mkewe ana haki," akasema mwishowe. "Kafagie, profesa."

Wiki ile ofisi ya huduma za wazee iliniita. Mama mmoja mwenye miwani alinieleza, polepole ili nielewe Kiswidi, kwamba nimehamishiwa jengo jingine, kwa bibi anayetaka kuoshewa madirisha. Nikauliza kama mzee wangu amelalamika.

"Hapana, hapana," akasema. "Amesema usafi wako umekuwa mzuri sana siku za karibuni. Ila ameomba mtu asiyejua Kiingereza."

Jumapili dada wa Tanga aliuliza mbona siku hizi sipo kwa mzee wa vifaru. Chumba kilikuwa kimejaa watu, na chai ilikuwa bado ya moto. Nikamwambia ni utaratibu wa ofisi, wanatuzungusha.

"Pole, kaka," akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Atakukosa yule."

Nikasema asante.